Ngata ya Vumbi

Dodoma, vumbi si habari.
Linaingia kwa tundu la ufunguo,
linalala kwenye nyusi za walinzi wa chuo,
na kwenye kibodi yangu hapa Ng'ong'ona
herufi M na N hazisomeki tena.
Basi niliposema shahada yangu ni kupima vumbi
Mama Chidawali, mwenye nyumba, alicheka
hadi ndoo ikamwagika.
"La hapa halikutoshi?"

La kule, nikamwambia, liko mbali.
Nuru yake ilipofunga safari
hapakuwa na mtu wa kuisubiri.
Katikati ya galaksi kuna shimo jeusi,
uzito wake majua milioni kadhaa;
linakula, na chakula chake
huwaka kabla hakijamezwa.
Na kulizunguka, vumbi limejiviringa
kama ngata.

Akaivua ya kwake kichwani,
kipande cha kitenge kilichopauka,
akanichungulia kupitia tunduni.
"Upana wake je?"

Ndilo swali.
Kwenye picha zangu yote hayo ni nukta,
nukta ndani ya nukta, haipanuliki.
Lakini kiini hakiwaki sawasawa:
kinafura, kinanywea,
kama jiko la mkaa linalopepewa na mtoto mvivu.
Mwako ukipanda, nuru hutoka pande zote,
hulifikia vumbi, vumbi hupata joto,
nalo hujibu kwa mwanga wa chini ya wekundu
ambao jicho halioni, ngozi ingeutambua.
Jibu hilo huchelewa.
Kuchelewa kwake ndiyo futikamba yangu.

Nina mistari miwili kwenye kompyuta.
Wa juu ni mwako, wa chini ni mwangwi.
Nausukuma wa chini nyuma, siku kwa siku,
nikitafuta kilima kikae juu ya kilima.
Siku thelathini: bado.
Sabini: karibu.
Umeme ukakatika.
Themanini na saba: kifuniko na sufuria yake.
Nuru, inayofika mwezini kwa sekunde moja na ushei,
hutembea siku themanini na saba
toka kiini hadi ukingo wa ndani wa ngata.
Karibu zaidi ya hapo vumbi haliishi,
linageuka mvuke.

Kuna miezi minne sina namba,
jua lilikuwa limekaa upande ule wa anga.
Dakta Mbonea akasema, unganisha kwa mstari.
Nimeacha wazi.
Sikuona.

Mama Chidawali alisikiliza yote akichambua mlenda.
Kisha: "Njoo Jumamosi unipimie na yangu."

Ana kiwanja Chigongwe, na nyumba yenye ufa
toka dirishani hadi kwenye msingi.
Barua ya wenye machimbo ya kokoto inasema
baruti zao ziko mita elfu moja, mama usihofu.
Saa kumi tukasimama mlangoni.
Vumbi likapanda ng'ambo, kimya kabisa,
nikabonyeza simu.
Mbuzi mmoja akaendelea kutafuna.
Kisha mlio, na bati likatetema.

Sekunde moja na nukta tisa.
Mara mia tatu na arobaini, mwendo wa sauti.
Mita mia sita arobaini na sita.
Jumamosi ya pili, moja nukta tisa.
Ya tatu, moja nukta nane, kidole changu kiliwahi.
Nikaandika zote tatu, hata hiyo ya kidole.

Hakupiga vigelegele. Aliikunja karatasi
mara nne, akaitia kwenye upindo wa khanga,
akaipeleka mwenyewe ofisi ya kata,
akagongewa muhuri.

Leo ni siku ya arobaini na mbili.
Anahesabu kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni.
"Jibu halijarudi," ananiambia bila kugeuka,
na kwa hesabu zako, mwanangu,
kila kukicha
ile ofisi inazidi kuwa mbali.